Mawe Makavu ya Mama Nafula

Mkiniuliza nilifanya kazi gani ujanani, vijana wangu, huwa mnacheka kabla sijamaliza kujibu. Nilipima maji yaliyomo ndani ya mawe. Ndiyo, mawe. Chekeni kwanza, nitawangoja.

Mmemaliza? Haya.

Chini ya udongo huu tunaopanda mihogo na wimbi kuna ganda la dunia. Chini ya ganda hilo kuna mwamba mnene ajabu unaoitwa koti la dunia. Hakuna binadamu aliyefika huko, na hata nyinyi na simu zenu hamtafika. Lakini zamani sana, volkeno zilipokuwa zikilipuka upande huu wa Mlima Elgon na kule ng'ambo Tororo, lava ilipanda kwa kasi kutoka chini ikabeba vipande vya koti hilo, kama mtu anayetoka shambani akiingia nyumbani na tope kwenye viatu. Vipande hivyo ni vya kijani, vimekwama ndani ya jiwe jeusi. Ukikivunja kimoja kinameguka kama sukari guru.

Wataalamu walitaka kujua mambo mawili. La kwanza, ndani ya kile kijani kuna chembe za madini gani: nikeli, kromiamu, shaba, vitu vilivyomo kwa kiasi kidogo sana. Hayo yalipimwa Nairobi kwa mashine ya mwanga. Sisi tulitayarisha unga wa jiwe tu. La pili, kuna maji kiasi gani. Si maji ya kuchota, jamani. Ni maji yaliyofungwa ndani ya jiwe lenyewe, hayatoki mpaka ulichome likawa jekundu. Mwamba wenye maji, hata kidogo, huyeyuka upesi kuliko mwamba mkavu, kwa hiyo ukijua maji yaliyoko kule chini unaanza kuelewa volkeno zinatoka wapi. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa kazi yetu Malaba, miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mbichi na kila mtu akitembea kifua mbele.

Kituo chetu kilikuwa stoo ya zamani ya pamba, karibu na reli. Aliyechagua mahali hapo hakuwahi kupima kitu maishani mwake. Mizani yetu ilikuwa ya kioo na shaba, imefungiwa ndani ya kisanduku, na ilikuwa na wivu kuliko mke wa kwanza. Ukihema karibu nayo inakasirika. Treni ya kwenda Tororo ikipita, sakafu inatetemeka na sindano inacheza, unakaa mikono mapajani mpaka behewa la mwisho livuke mpaka. Nilijifunza ratiba ya treni kabla sijajifunza kemia. Mkuu wa stesheni alidhani nina mchumba dereva wa treni, kwa jinsi nilivyokuwa nikimwuliza treni itachelewa au la.

Mimi nilikuja hapo kutoka Khunyangu, na cheti changu cha shule kimekunjwa ndani ya kitambaa. Nilidhani nitapewa meza na kiti. Nilipewa kinu cha chuma na mchi. Aliyekuwa akivunja mawe makubwa ni Barasa, mtu wa Busibwabo, mikono kama mafiga. Barasa ndiye aliyetusababishia habari njema ya kwanza, na ya uongo. Nairobi walituletea majibu kwamba mawe yetu yote, meusi na ya kijani, yana shaba. Watu wakaanza kutembea haraka haraka ofisini. Sokoni Malaba wakaanza kusema kutafunguliwa mgodi, na mwenye hoteli akapaka rangi ukuta wake. Kumbe Barasa alikuwa amevaa bangili ya shaba kwa ajili ya maumivu ya kiwiko, na kila akisugua unga kwenye chekeche bangili nayo inasugua. Aliyegundua ni mkewe. Alimshika mkono wakila chakula cha jioni akamwuliza, "We baba, hii bangili yako inakuliwa na nini? Mbona imekuwa nyembamba hivi?" Barasa akaivua, na shaba ikaisha Malaba. Kiwiko chake kikaendelea kulalamika mpaka alipostaafu, na yeye pamoja nacho.

Kwa hiyo mkiingia kazi yoyote ya kupima, vueni kila kitu mnachoweza kuvua bila kufungwa. Pete, bangili, saa. Chekeche ya shaba nyekundu au ya manjano isiguse unga unaotafutiwa shaba. Kinu cha chuma kitaacha chuma, kwa hiyo pitisha sumaku kwenye unga, taratibu. Na usiusage unga ukawa laini kama poda ya mtoto ukidhani unafanya kazi nzuri. Unga laini mno hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Malaba mwezi wa nne unaweza kuikamua.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za Mzee Athumani.

Mzee Athumani alikuwa mtu wa Busia mjini, Mwislamu, ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, kanzu siku ya Ijumaa na koti la khaki siku nyingine. Kabla ya kazi hii alikuwa na kibanda cha kutengeneza karabai na kandili. Kupuliza kioo alijifunza kwa fundi mmoja Mhindi huko Kisumu. Pale kituoni yeye ndiye aliyetengeneza mirija yetu ya kioo, na yeye ndiye aliyeichoma.

Niwaeleze mrija huo, maana hamtauona tena. Ni bomba jembamba la kioo lenye uvimbe mara mbili, mmoja mwishoni na mmoja katikati. Unga wa jiwe, uliokwisha kukaushwa kwenye oveni ili unyevu wa hewa utoke, unaingizwa kwa faneli ndefu mpaka uvimbe wa mwisho, bila chembe hata moja kugusa kuta za katikati. Uvimbe wa katikati unauzungushia kitambaa kilichoroweshwa maji baridi. Kisha unachoma ule wa mwisho kwa moto mkali mpaka uwe mwekundu. Maji yaliyofungwa ndani ya jiwe yanatoka kama mvuke, yanakimbia, yanafika kwenye ubaridi na kuwa matone ukutani kama jasho. Hapo unalainisha kioo kwa moto, unakivuta na kukikata, ile sehemu ya unga unaitupa. Unaufuta mrija kwa nje na kuupima, unaukausha na kuupima tena. Tofauti ndiyo maji ya koti la dunia. Ukiona ukungu mdogo tu wa kufunika ukucha, umeona kitu ambacho hakikuwa kimeona jua tangu dunia iwe dunia.

Mzee Athumani alikivuta kile kioo kama mama anavyovuta uzi mdomoni kabla ya kuutia kwenye sindano. Alinifundisha kwa maneno machache. "Binti, usikipiganie. Kioo kikiwa tayari kitakuambia." Mimi nilikuwa nakipigania. Nilichoma vidole mpaka nikasahau ncha zake zilikuwa na rangi gani. Hakuwahi kunigombeza. Nilimpenda kama baba, na sioni haya kusema, kwa sababu baba yangu mwenyewe alikuwa mkali na huyu alikuwa mpole.

Basi shida ikaja na mawe ya Mama Nafula.

Mama Nafula alikuwa mjane, boma lake liko ndani kidogo, ukitoka kwenye barabara ya Malaba kwenda Busia. Katika boma hilo kulikuwa na kisima kilichoachwa nusu, na chini ya kisima ndipo palipopatikana vile vipande vya kijani, vizuri kuliko vyote tulivyowahi kuletewa. Wachimbaji wetu walishuka, wakavitoa, wakavitia kwenye magunia, gari likatuletea. Sisi wa Malaba hatukuwahi kufika huko.

Tulipima. Maji mengi. Tukapima tena. Maji mengi zaidi. Bwana Mutiso, mkubwa wetu aliyekuwa Nairobi, kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, akatuambia kwamba mawe ya namna hiyo popote duniani ni makavu, karibu makavu kabisa, na yetu yanatoa maji kama tango. Alikuja mwenyewe Malaba. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele. Alimketisha Mzee Athumani akasema kwa upole:

"Mzee, wewe umefanya kazi mingi sana. Lakini macho inachoka, mikono inachoka. Hii si makosa yako. Nitarudi mwisho wa mwezi na fundi mwingine. Utapumzika."

Mzee Athumani akajibu, "Bosi, nikiwa nimezeeka nitoe kwa sababu ya uzee. Usinitoe kwa sababu ya uchafu. Mirija yangu si michafu."

"Basi nionyeshe," Bwana Mutiso akasema. "Nikirudi, utachoma moja mbele yangu. Ikitoka kavu, tutaongea."

Alipoondoka, Mzee Athumani alikaa muda mrefu akisugua magoti. Nyumbani alikuwa na mke ambaye miguu ilikuwa imemkataa, na wajukuu waliomtegemea, lakini si hilo lililomkaa moyoni. Mji mzima wa Busia ulijua kwamba Athumani hutengeneza kioo kisichovuja. Sasa atarudi kibandani na watu watauliza kwa nini, naye atajibu nini?

Mimi nilikasirika kwa niaba yake mpaka nikavunja faneli. Tukaanza kutafuta. Tulichoma mrija mtupu: mkavu. Tulichoma mchanga mweupe uliooshwa na kukaushwa: mkavu. Tulichoma jiwe jeusi kutoka mahali pengine: maji ya kawaida yake. Tulichoma kijani cha Mama Nafula: jasho linateremka, na juu ya jasho doa la kahawia ambalo Mzee alidhani ni raba ya kizibo cha mrija. Akabadilisha kizibo. Doa likabaki.

Siku hiyo nilikuwa nimeinama karibu zaidi kuliko kawaida, nikashtuka.

"Mzee," nikasema, "hili jiwe linanuka."

Yeye pua yake ilikuwa imeshamalizwa na mafuta ya taa na ugoro. "Linanuka nini?"

Nikanusa tena. Nyumbani kwetu Khunyangu tulikuwa watu wa kanisa, pombe haikuingia mlangoni, lakini harufu haiheshimu ua. Kwa jirani yetu, kila walipotengeneza busaa, walikaanga ule unga uliochachuka kwenye karai kubwa, na upepo ukituletea sisi wenye kuimba nyimbo za kanisani. Harufu ilikuwa ile ile, ila imeungua.

"Busaa," nikasema. "Mzee, jiwe limekunywa busaa."

Alinitazama kama mtu anayefikiria kunipeleka hospitali. Kisha akachukua kofia yake.

Tulipanda gari lililokwenda kuchukua magunia. Tulipofika tuliwakuta wachimbaji wawili wakipandisha mawe kwa kamba, na pembeni ya kisima, kwenye kigoda, Mama Nafula. Mama mfupi, kichwa kimefungwa kitambaa, kibuyu kidogo magotini. Kila jiwe lilipotoka lilipangwa juu ya majani ya mgomba mbele yake. Alikunywa funda moja, akanong'ona kitu kwa Kiluhya, halafu akalipulizia lile jiwe busaa kutoka mdomoni, nyembamba na pana, kama mama anayenyunyizia nguo kabla ya kupiga pasi. Akangoja. Akaletewa jingine. Yaliyokwisha kubarikiwa yalianikwa juani mpaka yakakauka, ndipo yakaingia gunia.

Jamani, vile vipande vya kijani vimejaa nyufa ndogo ndogo. Busaa ni nzito, ina machicha. Inaingia, jua linakausha maji yake, machicha yanabaki ndani. Oveni yetu haiwezi kuyatoa. Lakini moto mwekundu unayageuza kuwa moshi, doa la kahawia na maji. Mzee Athumani alielewa kabla sijamaliza kuelewa mimi.

Nikamgeukia mchimbaji mmoja. "Na nyinyi mnaona hivi kila siku, mbona hamkutuambia?"

Akashangaa kweli kweli. "Kuambia nini, dada? Mama anabariki tu. Kwani mvua ikinyesha mnataka tuandike ripoti?"

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna aliyenifundisha darasani: usiulize watu wameona kitu gani cha ajabu. Waulize wanafanya nini, kuanzia asubuhi, moja baada ya jingine. Lile linalokuharibia kazi kwao si la ajabu hata kidogo.

Mama Nafula alitukaribisha viti. Mzee Athumani alikaa, akauliza habari za nyumbani, za shamba, za mvua. Mimi nilikuwa nachemka, nataka tuseme tulichojia. Mwisho akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, hii mawe, unabariki kwa sababu gani?"

"Hii kisima alichimba bwana yangu," akasema. "Alisema maji iko. Watu wakamwambia wewe, hapa ni mawe tupu, wacha. Yeye akachimba. Ukuta ikamwangukia." Akanyoosha kidevu upande wa nyuma ya nyumba. "Tulimtoa, tukamzika pale. Lakini pahali alikufia ni hapa. Kitu ikitoka humo ndani haiwezi toka kwangu hivi hivi. Mimi nilikubali hawa vijana wachimbe, lakini nikasema, jiwe itapita kwangu kwanza. Naambia yeye, hii inaenda, usikasirike, ni wageni."

Nilitazama chini. Hasira yangu yote ikapata mahali pa kukaa, ikakaa. Nilimwonea huruma, na Mzee Athumani pia nilimwonea huruma, na sikujua nimpe nani kwanza.

Njia nyepesi ilikuwepo. Tungemwandikia Bwana Mutiso, naye angemwona chifu, na chifu angekuja na askari wake kumwambia Mama aache. Nilimnong'oneza Mzee hivyo. Akanikata jicho ambalo sikujua kwamba analo.

"Kisima ni chake, binti. Na maiti ni wake."

"Na kazi ni yako!"

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana nitamwomba mwenyewe."

Akamweleza Mama Nafula kwa maneno ya kawaida kabisa. Kwamba tunapima maji yaliyofungwa ndani ya jiwe, kidogo sana, na ile baraka inaingia kwenye nyufa, sisi tunaihesabu kama maji ya jiwe. Kwamba mkubwa amesema yeye Athumani amechoka, atatolewa mwisho wa mwezi, isipokuwa jiwe litoke kavu.

Mama Nafula akafikiri. "Sasa unataka nisibariki."

"Sitaki hivyo, mama. Mimi naomba tu, kama kuna pahali ingine unaweza weka hiyo baraka."

"Hiyo jiwe ikifika kwenu mnafanya nini?"

"Tunavunja. Tunasaga. Tunakausha. Halafu mimi nachoma."

"Hiyo ya kuchoma ndiyo mwisho?"

"Ndiyo mwisho."

"Na ni wewe unachoma. Si mwingine."

"Ni mimi."

Akaguna, akafunika kibuyu chake. "Basi hii ya leo yenye sijabariki, beba hivyo ilivyo. Nitakuja huko kwenu hiyo siku. Nitabariki wewe, kabla hujachoma."

Mzee Athumani akasema asante, mama. Tukapanda gari la magunia kurudi. Karibu na Malaba nikashindwa kuvumilia. "Mzee, ni busaa. Atakutemea busaa. Wewe mtu wa swala tano!"

"Nitaoga," akasema. "Maji si yapo?"

Mwisho wa mwezi ukafika, gunia lile lisilopuliziwa likiwa bado halijafunguliwa. Bwana Mutiso akaja na fundi wake, kijana mwenye kalamu mfukoni, akamwacha nje kwenye gari. Hilo nililiona, na sikulisahau: hakutaka kumwingiza mrithi mbele ya mwenyewe. Mzee Athumani akamweleza habari za busaa. Bwana Mutiso akasikiliza, akatikisa kichwa pole pole.

"Mzee, kila fundi iko na sababu. Choma tuone."

Asubuhi hiyo tulikuwa tumelivunja jiwe la gunia hilo, nimechagua kijani kwa kibano, nimekisaga si laini wala si kikubwa, kimekauka kwenye oveni na kimepoa ndani ya chungu cha kioo chenye dawa ya kunyonya unyevu. Mama Nafula hakuonekana. Nilichungulia mlangoni mpaka shingo ikauma. Treni ikapita, mizani ikatulia, na sasa hakukuwa na sababu tena ya kungoja. Mzee akautoa unga, akaupima kwenye kisahani. Unga ukishatoka kwenye chungu kile unaanza kunywa hewa, lazima uingie mrijani mara moja.

Hapo ndipo mlango ukafunguka. Mama Nafula, miguu imejaa vumbi, pumzi juu juu, kibuyu mkononi.

"Umeshachoma?"

"Bado, mama," Mzee Athumani akasema. Akakifunika kisahani kwa kioo. Akavua kofia. Akasogea mbali na meza, akainamisha kichwa.

Bwana Mutiso alisimama nusu, mdomo wazi kidogo. Nilidhani atamfukuza. Mama Nafula hakumwangalia hata. Alikunywa funda, akasema maneno yake, nikasikia jina la bwana yake likitajwa mara mbili, halafu akampulizia Mzee Athumani usoni. Paji la uso, mashavu, ndevu. Mzee alifumba macho. Mkono wake ulipanda kutafuta kitambaa.

"Usipanguse," Mama Nafula akasema. "Ukipangusa umeikataa. Wacha ikauke yenyewe."

Mkono ukashuka.

Na unga unangoja. Mzee Athumani akarudi mezani, akashika mrija kwa mkono mmoja na kisahani kwa mwingine, akainama juu ya mdomo wa faneli, kwa sababu macho yale lazima yainame ndiyo yaone. Akaanza kuumimina unga taratibu. Lakini kwenye ncha ya ndevu zake busaa ilikuwa inakusanyika. Niliona tone likinenepa, moja kwa moja juu ya faneli. Likianguka, tumekwisha. Mikono yake yote miwili imeshika, na kama ingekuwa huru asingepangusa, kwa sababu kwa kushusha mkono alikuwa ameahidi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza na taa ya kuchomelea, mkono wangu haufiki.

Bwana Mutiso akanyoosha mkono wake. Aliupeleka chini ya kidevu cha Mzee Athumani, kiganja juu, na tone likaanguka kiganjani. Akauacha pale pale. La pili likaanguka, na la tatu. Unga ukaingia wote, mkavu. Mzee akaigonga faneli kwa kidole, akaitoa, akaugeukia moto, na ule mkono ukamfuata kwa kila hatua, umeinama kidogo, kama wa mtu aliyeshika yai la mtu mwingine.

Tulichoma mpaka kioo kikawa chekundu. Nilitia maji baridi kwenye kitambaa cha katikati. Hakuna moshi, hakuna doa, hakuna harufu. Mzee akakivuta kioo, kikakatika safi, akaufuta mrija kwa nje na kuuinua kwenye dirisha. Ndani kulikuwa na ukungu ambao ilibidi uugeuze geuze ndipo uuone.

"Ni hiyo tu?" Mama Nafula akauliza, ameinuka kwa vidole vya miguu.

"Ni hiyo tu, mama," Mzee akasema. "Imetoka mbali sana."

Mama Nafula akaitazama kwa muda. "Alisema maji iko," akasema, na akaketi.

Bwana Mutiso akamwuliza Mzee Athumani kioo cha mirija ya mwezi ujao aagize kiasi gani kutoka Nairobi. Mzee akamwambia. Treni nyingine ilipokuwa imekwisha kupita, nilipima, nikasoma nambari kwa sauti, naye Bwana Mutiso akaandika. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda kombo kama za mtoto wa darasa la kwanza, kwa sababu wa kulia alikuwa ameuweka mezani, kiganja juu, na busaa imo.

"Bosi," Mzee Athumani akamwambia, "kitambaa iko hapo nyuma yako."

"Wacha, Mzee," akasema. "Itakauka."